Tundu kwenye shilingi ya simba: kosa la kiwandani au keekee ya fundi?

SWALI: Habari za kazi. Marehemu babu aliniachia shilingi ya simba ya mwaka 1952, ina tundu dogo karibu na ukingo, juu ya kichwa cha mfalme. Jirani anasema hiyo ilikosewa kiwandani nisikubali chini ya milioni, na kweli mbona senti kumi za zamani nazo zilikuwa na tundu? Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Tuanze na hizo senti. Senti moja, tano na kumi za Afrika Mashariki zilitobolewa makusudi, tena katikati kabisa, na aliyechora alilijua hilo tundu tangu mwanzo ndo maana taji limekaa juu yake na pembe za ndovu zimelizunguka, hakuna herufi iliyoliwa. Senti kumi ikitoka bila tundu hapo sasa ndo tungesema kiwanda kimekosea. Shilingi yenyewe haikuwa na tundu kabisa.

Kwa hiyo chukua lenzi, au hata kamera ya simu ukivuta karibu, uangalie tundu lako limepita wapi. Likiwa limekata herufi katikati, na ukipapasa upande wa pili unasikia kingo zimenyanyuka kama mdomo wa kopo lililotobolewa kwa msumari, basi hiyo ni msumari au keekee, hakuna cha kiwanda hapo. Tena tundu la juu ya kichwa, mahali ambapo sarafu ikining'inia picha inakaa wima, mara nyingi sana ni la mkufu. Mabibi zetu walivaa sarafu shingoni. Mi kwa kweli nakuomba uulize wazee wa ukoo kabla hujaiuza, maana huenda kuna mtu aliivaa hiyo na anakumbukwa, na hilo kwako ni kubwa kuliko hela ya mnunuzi, maana sarafu ya 1952 haina hata fedha ndani, ni shaba na nikeli, na ikishatobolewa bei yake inashuka, haipandi.

Jambo la kushika ni hili. Kiwandani kisahani kitupu kinakaa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kinabamizwa kwa nguvu kubwa mno, na madini yanajaa kila kishimo cha muhuri. Kwa hiyo muhuri ukiwa na ufa, madini yanaingia kwenye ule ufa na sarafu inatoka na mstari ULIONYANYUKA. Mkwaruzo wa mtaani ni kinyume, umezama, na pembeni yake madini yamesukumwa kama udongo wa pembeni ya mtaro. Pitisha kucha taratibu utasikia. Halafu ipeleke kwa sonara akupimie, shilingi hiyo ni gramu 7.8 hivi, ikipungua sana ujue imepitiwa na tupa au msasa au imelala kwenye asidi.

SWALI: Nina shilingi 100 ya Nyerere, shavuni kwake kuna maandishi yamegeuka kama unayaona kwenye kioo. Nimeambiwa ni nadra. Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada/kaka, hapo wamekuchezea. Mtu amechukua sarafu mbili akazibana kwenye jiriwa, ya juu ikaacha maandishi yake kwenye ya chini, yakageuka na yakazama. Geuza upande wa swala, utakuta pamebonyea au pamelainika. Ni kweli kiwandani sarafu inaweza kunasa kwenye muhuri na inayofuata ikatoka na picha iliyogeuka, lakini hiyo picha inashika upande mzima na Nyerere wa kawaida humkuti tena upande huo. Wewe unaye Nyerere na shavu lenye jeraha. Inaniuma sana watu wanavyouziwa hizi, ukiipata itumie dukani kama hela yako ya kawaida.

SWALI: Heller 20 ya Mjerumani, 1916, imechapwa hafifu, upande mmoja herufi hazisomeki vizuri na ukingo una ufa. Nitupe? Msomaji, Tabora

JIBU: Usitupe jamani! Hiyo imezaliwa hapo hapo kwenu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, Wajerumani waliokuwa wakitutawala walikatiwa njia ya baharini, sarafu kutoka kwao hazikufika, wakaamua kuchapa wenyewe kwenye karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu waliyookota huku na kule, na mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Ndo maana nyingi zina uhafifu na nyufa, na hizo ni za kuzaliwa nazo, sio jeraha. Tafuta herufi T ndogo, ndo alama ya Tabora. Na hilo neno heller ndo limetupa "hela" tunayoitaja kila siku. Sasa usiisugue kwa ndimu wala majivu wala dawa ya kung'arishia, ule weusi uache, ishike kwa ukingo na uifunge kwenye karatasi kavu.