Deni, siri na usingizi: jibu kwa mdogo wangu wa Kadutu, Bukavu

Mdogo wangu, umeandika kwamba hulali, moyo unakwenda mbio simu ikilia, na mume wako hajui kama unadaiwa. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nijibu, maana nimepita humo humo.

Mimi nauza vikwembe, yaani vitenge, hapa Goma, mtaa wa Birere. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, banki zilifunga na akiba yangu ikabaki ndani. Mzigo niliochukua kwa mkopo, dola 850, sikuwa nimeulipa. Nani angenunua kikwembe siku zile, watu wakitafuta unga? Wachache waliokuja walilipa franka za Kongo, na mimi nadaiwa dola. Kila jioni nilikwenda kwa mbadilisha pesa, nikarudi na dola chache kuliko nilizohesabu njiani.

Nikaanza kujificha. Simu niliilaza kifudifudi. Mama aliyenipa mzigo anakaa njia ya kwenda kwangu, basi nilizunguka mbali, juu ya mawe ya volkano, mpaka viatu vikakatika. Saa nane za usiku niko macho, najumlisha hesabu ileile. Chakula hakishuki. Nikaenda kituo cha afya nikidhani ni presha. Muuguzi alipima, hakuona kitu, akaniuliza polepole: "Mama, ni deni?" Nililia pale pale kwenye kiti.

Usiku ule nilimwambia baba wa watoto. Sikusema vizuri: nilianzia katikati, nikataja dola 600, halafu nikasahihisha. Alikasirika sana, siku mbili hakusema nami. Sikufichi hilo, usije ukadhani ni rahisi. Lakini nililala mpaka asubuhi, na deni halikuwa limepungua hata franka moja. Ni ile siri iliyokuwa inanila.

Siku ya tatu yeye mwenyewe alileta daftari la mtoto, tukaandika wadai wote, kila mmoja na kiasi chake. Walikuwa watano. Kichwani mwangu walikuwa kama ishirini.

Kwa yule mama wa mzigo nilikwenda kabla ya tarehe, na dola 30 mkononi. Nenda kabla, mdogo wangu, hata na kidogo. Ukingoja akufuate, mnaongea mbele ya majirani. Kumbe naye alikuwa anadaiwa. Tulipatana kiasi cha kila mwezi, tukaandika kwenye karatasi. Kwenye likelemba yetu, mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, mwenzangu alikubali tubadilishane zamu, nikapokea mapema, na zote zikaenda kwenye deni.

Umesema unafikiria banki lamberi, ule mkopo wa mtaani wenye riba kubwa. Nakuomba, acha. Mimi nilichukua dola 100 kwa mtu wa mtaani, nirudishe 150 mwisho wa mwezi, ili nimnyamazishe mdai mmoja. Nilipata wiki mbili za kupumua, kisha nikawa na wadai sita, na huyu wa sita alikuja mlangoni alfajiri, watoto wakijiandaa kwenda shule. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Daftari sasa linakaa dukani. Nyumbani hatuhesabu usiku. Ni Jumamosi mchana tu, wawili.

Na kama inakujia fikira kwamba afadhali usiamke, mwambie mtu usiku huohuo, dada, jirani, yeyote, na asubuhi akusindikize kituo cha afya. Usibaki na hilo peke yako.

Nimebakiza dola 210. Ile njia fupi napita tena. Jumamosi iliyopita sikuwa na kitu, nikamwambia yule mama pale mlangoni kwake, tukaulizana habari za watoto, nikaendelea na safari.