Kikohozi cha mbanika samaki: ni moshi au TB?

SWALI: Nabanika samaki kando ya ziwa hapa Mwanza. Kuni nanunua mbichi, ndizo za bei nafuu. Tumepanga chumba kimoja na watoto watatu. Mvua ikinyesha napikia humo humo kwa mkaa. Huu mwezi wa tatu nakohoa. Wenzangu wanasema ni moshi tu, ninywe maziwa. Gesi siiwezi. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Kirumba

JIBU: Pole sana, mama. Usiusingizie moshi kabla hujapima. Kikohozi kikifika wiki mbili ni cha kupimwa TB, na kwenye vituo vya serikali kipimo cha makohozi na dawa zake ni bure. Suuza mdomo, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Wengi hupeleka mate. Majibu yanatoka safi huku ugonjwa unazidi kutafuna mapafu. Ukikutwa nayo, watoto nao wapimwe: kwenye chumba kimoja kilichofungwa mnavuta hewa ile ile usiku kucha.

Ikiwa si TB, mwombe daktari achunguze njia za hewa, maana moshi wa miaka huzibana polepole. Maziwa hayafiki huko, yanaenda tumboni.

Sasa kuni. Mbichi ina maji. Moto unapoteza joto kuyakausha, haukolei, na kisichoungua ndicho moshi unaouvuta. Kila ukinunua mizigo mitatu, mmoja weka ukauke. Pasua vipande vinene kama kifundo cha mkono, panga juu ya mawe chini ya bati, ubavuni pawe wazi. Gonga viwili: vikavu hulia ko! vibichi hutoa mlio mzito. Mchana upepo hutoka ziwani, basi simama upande wa maji, ziwa liwe mgongoni; usiku hugeuka. Khanga puani haizuii chembe za moshi.

Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kwa mvua. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Tafuta bati moja uezeke kibaraza.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.