Wimbo wa Bibi Yako: Barua kwa Mwanangu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza: "Mama, kila ninayemwimbia huku Arusha anasema wimbo ni mzuri, lakini kesho yake hakuna anayekumbuka hata mstari mmoja. Niurekebishe wapi?" Nimeusikiliza mara sita. Tatu za kwanza sizihesabu, nilikuwa nalia, na anayelia hawezi kusahihisha.

Gitaa liweke chini kwanza, maana kuna kosa limejificha nyuma yake. Imba maneno matupu huku ukipiga kofi taratibu, usikie sauti inapanda wapi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Wewe umeandika "alishuka barabara ya Kiboriloni", lakini tuni yako inapanda kwenye "ra" ya kwanza: ba-RA-ba-ra. Hiyo si njia tena, hiyo ni "sawasawa". Anayesikiliza anabaki akitafuta maana, na akiipata mistari miwili imeshampita. Peleka mpando mbele kidogo, kwenye "ba" ya pili. Neno usilitoe, ni zuri.

Katika kwaya nimepambana na jambo hili miaka yote. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, huku kwetu Kilimanjaro, mwaka 1893, na tuni nyingi walizotuachia zilizaliwa na maneno ya Kijerumani. Kiswahili kilivishwa baadaye. Ndiyo maana kuna mahali kwaya nzima inakaza silabi ambayo hakuna anayeikaza akiwa sokoni. Waliotafsiri walibanwa na tuni. Wewe hujabanwa, tuni ni yako na maneno ni yako.

Ubeti wa pili ndio unaonisumbua zaidi. "Upendo wako hauna mfano, fadhili zako hazina kipimo." Mwanangu, huyo ni bibi wa nani? Mjukuu yeyote angeweza kumwimbia bibi yeyote. Wa kwako alishuka kutoka Old Moshi alfajiri na mkungu wa ndizi mishare kichwani, ngata yake ameisokota kwa majani makavu ya mgomba. Akirudi hakuomba hata maji kabla ya kufungua pindo la kanga na kuhesabu, ada yako kwanza, chumvi baadaye. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba ulikuwa unalala ukisikia sarafu zikigongana. Andika hizo sarafu. Neno "upendo" litoe kabisa kwenye ubeti huo, uone kama kuna atakayelikosa.

Kiitikio kina mistari minane. Hakuna kichwa kitakachobeba minane kwa kusikia mara moja. Bakiza miwili, na mmoja tayari unao, umeufukia mwishoni mwa ubeti wa tatu: "Bibi, mlima umefunguka." Bibi yako alikuwa anatuamsha kwa hilo "mlima umefunguka" kila asubuhi mawingu yakitoka Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Uhamishie kwenye kiitikio. Tena unaishia kwa "a", mdomo unafunguka wenyewe na sauti unaweza kuivuta utakavyo. Sasa hivi noti yako ya juu kabisa inaangukia "siku", nami nasikia koo lako linavyobanwa pale.

Halafu tazama mstari huo unavyofanya kazi. Baada ya ubeti wa kwanza ni asubuhi tu, mtoto anamjibu bibi. Baada ya ubeti wa mwisho, ule wa mazishi, ni maneno yale yale bila kubadilisha herufi, lakini aliyekuwa akituamsha yuko chini ya migomba na ni wewe unayemwamsha. Hapo usiongeze maelezo. Ule mstari wa "sasa umepumzika kwa amani" ufute. Nilipoufikia, machozi yangu yalikauka.

Ubeti wa kwanza usiuguse, umekaa. Rekodi ya zamani pia usiifute, huenda ukataka kurudia kitu.

Nimeanza kuuandikia sauti ya pili kwa do-re-mi kwenye daftari langu la kwaya. Ukija mwisho wa mwezi tutauimba kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, bila gitaa, na mama zako wadogo watakuwepo. Usiwafundishe kiitikio. Imba ubeti, kisha unyamaze, tusikilize kama watakipokea wenyewe.

Mama yako