Skuli zimefunguliwa, tuulizane

Haya wazazi, muhula wa kwanza umeanza na simu yangu haijatulia. Hapa Mombasa, Marikiti na Mwembe Tayari kumejaa watu na mabegi na viatu vyeusi, na maswali yenu nayo yamejaa, nimechukua yale yanayorudiwa sana nikayafupisha kidogo. Wengi mwauliza juu ya pesa na nitajibu, lakini msimamo wangu muujue mapema: mzazi anayefika skuli wiki ya kwanza, wakati hakuna shida yoyote, akamsalimia mwalimu wa klasi na kumwachia namba ya simu, amemfanyia mtoto wake jambo kubwa kuliko begi jipya.

Mwalimu, mwanangu ameingia Grade 1. Nasari, PP2, alikuwa sawa kabisa, sasa kila asubuhi analia getini na kuning'ang'ania buibui mpaka naona haya mbele za watu. Nimfanyeje? – Mama, Mtopanga

Pole mamangu, na haya usione, hapo getini si wewe peke yako. Fikiria alikotoka, nasari watoto wachache, choo kiko hapo hapo mlangoni, mwalimu anamvua mpaka viatu. Sasa yuko kwenye uwanja mmoja na watoto wa Grade 6 na wale wa junia, Grade 7 mpaka 9, ambao wengine sauti zishakuwa nzito, kengele inalia watu wanakimbia, foleni, asemblii, na yeye hajui hata asimame wapi. Kulia kwake kuna sababu, kazi yako ni kuitafuta ni ipi.

Mimi huanza na choo. Wazazi huuliza "leo umesoma nini", hawaulizi "leo ulienda msalani?" Muulize hivi ukiwa unamwogesha au unamkaangia samaki, usimkalishe kama polisi: choo chenu kina mlango? Kuna maji? Nani huwa huko? Watoto wadogo wengi sana hujizuia tangu asubuhi mpaka waachiliwe kwa sababu choo kina giza ama wakubwa wanasukuma mlango, na mtoto aliyebanwa na mkojo hamsikii mwalimu anasema nini, halafu kesho yake akikumbuka yale mateso anaanza kulia hata hamjatoka nyumbani. Wengine hawanywi maji makusudi, na joto lenyewe hili la kaskazi mwalijua.

Halafu angalia suruali yake. Yunifomu mpya kitundu cha kifungo ni kidogo na kigumu, wewe mtu mzima unasukuma kwa kidole gumba, sasa yeye wa miaka sita na haraka zake ataweza? Anajikojolea mlangoni, wenzake wanacheka, basi hapo umepoteza wiki nzima. Jumapili mvalishe, afungue na kufunga mwenyewe mpaka azoee, ikikataa peleka kwa fundi aweke lastiki kiunoni. Kibeti cha chakula na chupa ya maji vivyo hivyo, kama hawezi kufungua mwenyewe nunua nyengine.

Asubuhi kuaga kuwe kufupi. Usitoroke akigeuka, akigundua hupo kesho atakushika mara mbili. Saa tisa yeye haijui, mwambie kwa mambo anayoyajua, "mukishakula, mukishacheza, mukishaimba ile ya mwisho, mimi niko hapa chini ya mti", na ukisema uko hapo uwe hapo. Mpe mkono wa mwalimu au wa mtoto wa jirani aliye klasi moja naye, kisha nenda. Wengi hutulia baada ya wiki mbili tatu. Asipotulia, au akianza kukojoa kitandani na alikuwa ameacha, au hataki chakula, omba kukaa na mwalimu na muulize waziwazi kama kuna mtu anamsumbua mtoto.

Si skuli ya serikali ni bure? Nimepewa karatasi, pesa ya deski, ya mitihani, ya mlinzi, na binti yangu wa Grade 5 amerudishwa nyumbani. Naendesha tuktuk, nitoe wapi zote kwa mpigo? – Baba, Likoni

Kakangu, binti yako kesho asubuhi avae yunifomu arudi klasi, na wewe uende naye. Elimu ya praimari ilifanywa bure mwaka 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imesema wazi kwamba skuli ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine sheria haikuikataa moja kwa moja lakini imeiwekea masharti, waziri wa elimu atoe idhini akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na anayepokea pesa atoe risiti rasmi. Na hata huo mchango uwe umeidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi hajalipa. Hilo limeandikwa, hukuomba hisani ya mtu.

Lakini uendavyo pia ni muhimu. Usiende na kelele getini, hasara inamrudia mtoto. Muone mwalimu mkuu, weka ile karatasi mezani, muulize kwa heshima huu mchango ulipitishwa mkutano gani na una idhini ya nani. Ukiamua kutoa chochote, toa kidogo kidogo mkubaliane kwa maandishi, na uchukue risiti ya skuli, usitume pesa kwa simu ya mtu binafsi. Akishikilia kwamba mtoto asiingie, chukua karatasi hiyo hiyo uende ofisi ya elimu ya sub-kaunti.

Sasa niseme na upande wa pili, manake walimu wakuu nao wanabanwa. Serikali imepanga shilingi 1,420 kwa mtoto mmoja wa praimari kwa mwaka mzima, gawanya kwa mihula mitatu haifiki hata 500 kwa muhula, na mara nyingi inachelewa. Maji yalipwe, stima ilipwe, choo kikiziba kizibuliwe. Kwa hiyo mkutano wa wazazi ukiitwa enda. Kila mzazi mwenye mtoto hapo ni mwanachama wa Chama cha Wazazi kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, una haki ya kuuliza pesa ya mwaka jana ilifanya nini, na watu wa tuktuk na bodaboda wenye watoto hapo mukija mukiwa kumi mutasikizwa.

Ninunue yunifomu kubwa avae miaka miwili? – Mama, Mikindani

Sketi na shati sawa, mwambie fundi akunje pindo refu kwa ndani mtaliachilia mwakani. Viatu hapana, akivaa vinavyompwaya atakuwa anakimbia mguu unatoka, anaanguka, nunua saizi yake hata kama ni vya mtumba, vya soko la Kongowea ukichagua vizuri vinamaliza mwaka.

Nakaa na mjukuu wangu wa Grade 3, mamake yuko Saudia kwa kazi. Mimi skuli sikwenda, nilisoma chuo cha Kurani tu. Jioni anakuja na kazi za kukata na kubandika, nyengine asema zataka simu. Naogopa asije akafeli kwa sababu yangu. – Nyanya, Mji wa Kale, kwa ujumbe wa sauti

Shikamoo nyanya. Ujumbe wako nimeusikiliza zaidi ya mara moja, na nataka ulale usingizi leo, mjukuu wako hatafeli kwa sababu yako. Kwanza Grade 3 hakuna mtihani wa taifa wa kumfelisha, ule mkubwa wa kwanza ni KPSEA, tathmini ya taifa ya kumaliza praimari akiwa Grade 6, una muda.

Kila jioni mkishaswali magharibi mwambie akusomee kitabu cha Kiswahili kwa sauti, kidogo tu, kurasa mbili. Kusoma hujui lakini masikio unayo, utamsikia anapokwama, anaporuka, anapobahatisha. Akimaliza mwambie afunge kitabu, muulize "haya, ikawaje?" Akikuhadithia vizuri jua anaelewa. Akiwa anasoma mbio mbio lakini hawezi kukwambia hata nani alifanya nini, anatamka tu maneno hajayashika, na hilo ndo la kwenda kumwambia mwalimu mapema, Grade 3 bado laweza kurekebishwa kwa urahisi.

La pili, unavyojua wewe ndivyo wanavyovitaka huko klasini. Vitendawili, hadithi za paukwa pakawa, methali, vyote vimo kwenye masomo yake ya Kiswahili, na walimu vijana wengine wenyewe hawana akiba. Kama wajua kusuka ukili mfundishe asuke hata shubiri moja apeleke, ni kazi ya mikono hiyo, na ni yake mwenyewe, kuliko karatasi ya kuprinti saibakafe ambayo amefanyiwa na mtu mwengine. Mchele ukipima mpe yeye kipimo ahesabu, ukimtuma dukani na mia mbili mwambie akwambie chenji ni ngapi kabla hajatoka mlangoni.

Hayo ya simu, funga safari mara moja mpaka kwa mwalimu umwambie mimi simu ya intaneti sina, kazi inayotaka simu naomba umpe kwa njia nyengine. Mwalimu asipoambiwa atadhani mtoto ni mvivu. Hapo hapo hakikisha jina lako limeandikwa kama mlezi na namba inayoshikwa ni yako, isiwe ile ya mamake ya zamani iliyozimwa, na kopi ya cheti cha kuzaliwa uwe nayo wewe.

Na wewe dadangu uliyeko Saudia, kama haya yamekufikia: mtoto akisoma jirani amrekodi akutumie, usikilize usiku ukipata nafasi, umjibu kwa kile alichosoma hasa, "kwani yule sungura alitokea wapi?" Atajua umesikiliza. Pesa unayotuma yaonekana kwenye yunifomu, sauti yako nayo anaihitaji.

Skuli mpaka saa tisa na nusu, chuo mpaka magharibi, halafu tuisheni kwa mwalimu jirani mpaka saa tatu usiku. Mume wangu asema mtoto asizoeshwe uvivu. Yuko Grade 4. – Mama, Majengo

Tuisheni itoke. Mtoto wa umri huo ahitaji kulala masaa tisa mpaka kumi na mbili, kama anaamka alfajiri saa kumi na moja na nusu basi saa mbili na nusu usiku awe keshalala. Hesabu muoneshe baba yake kwa karatasi. Masomo ya skuli za kutwa kwa kanuni za 2015 ni saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na sheria ya 2013 imekataza hata tuisheni ya likizo, waliotunga waliona watoto wanachoka. Chuo sikwambii upunguze, lakini ustadhi na mwalimu wa klasi wanafundisha mtoto mmoja na pengine hawajuani, kila mmoja anampa kazi ya nyumbani kama yuko peke yake. Zungumza nao wote wawili.

Mwanangu ana alama za kiboko mapajani, wiki ya kwanza tu. Nikisema naogopa atachukiwa na walimu. – Mama, Changamwe

Sema. Kumchapa mtoto skulini kumekatazwa na sheria ya 2013, mwalimu akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini au kufungwa. Piga picha za alama leo kabla hazijapotea, kama ngozi imechanika mpeleke hospitali na uhifadhi karatasi, kisha nenda kwa mwalimu mkuu na mtu wa pili, baba, mjomba, yeyote, usiende peke yako. Usipoona hatua nenda ofisi ya elimu, na piga 116, ni laini ya bure ya kusaidia watoto. Na mtoto mwambie kabla ya hayo yote kwamba amefanya vizuri kukuonesha, manake akiona umenyamaza siku nyengine hatakuonesha tena.

Nafanya kazi bandarini kwa shifti, grupu ya WhatsApp ya klasi ni kina mama watupu, mikutano anaenda mke wangu. Kuna nafasi ya baba hapo? – Baba, Magongo

Iko, tena kubwa, na nimefurahi sana kuona swali hili. Mkutano sio mlango wa pekee, na wewe shifti yako ina faida, kuna asubuhi uko nyumbani wakati baba wengine wako kazini. Mpeleke mtoto mwenyewe siku hizo, muingie mpaka klasini, akuoneshe deski lake na rafiki yake. Watoto husimama wima sana baba akiingia klasini, nimeliona hilo miaka yote. Ukirudi usiku keshalala, fungua daftari lake usome, uandike mstari mmoja kwa penseli chini ya ukurasa, ataukuta asubuhi.

Grupuni jiunge, salamu za Ijumaa si lazima uzijibu zote, ila tangazo la skuli lisikupite. Na wiki hii hii mpe mwalimu ratiba yako, mwambie Jumanne na Alhamisi mtoto akipandwa na homa nipigieni mimi kwanza, mamake yuko kazini.