Karakana ya Wasomaji: Shokapu za mbele zinavuja, nianzie wapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi chalii wa Sakina hapa Arusha, nina pikipiki ya porini 250, mtumba wa Japani, wikiendi naenda nayo Oldonyosambu na Monduli, siku za kawaida naendea kibaruani. Shokapu ya mbele kulia inavuja, nikiifuta asubuhi jioni nakuta ringi nyeusi ya oili na vumbi kwenye kromu, na sasa imeteremka mpaka kwenye diski, breki ya mbele haishiki vizuri. Fundi wa kwanza alisema sili imekufa, nikanunua akafunga, mwezi haujaisha imerudi vilevile. Wa pili anasema ninunue shokapu nzima. Hiyo hela sina. Nifanyeje?

JIBU: Salama mdogo wangu, pole sana. Kabla ya sili tuanze na breki, hiyo pikipiki usiipande tena mpaka breki ya mbele ikae sawa. Pedi ikishakunywa oili ndo basi, wale wanaozichoma moto halafu wanapiga msasa wanakupa matumaini ya bure, itashika siku mbili tatu, siku unashuka mlima breki zimepata joto oili inatoka tena ndani ya pedi na hapo huna breki. Nunua pedi mpya. Diski ifute kwa spiriti na kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ila pedi mpya zifunge mwisho kabisa, shokapu ikishapona, la sivyo utanunua mara mbili.

Sasa shokapu. Sili mpya kufa ndani ya mwezi mara nyingi ni kwamba kuna kitu kinaiua na hakuna aliyekitafuta. Sili ni mpira wenye mdomo mwembamba unaolamba kromu kila bomba linapopanda na kushuka, kwahiyo chochote kinachokaa kati ya mdomo na kromu kinafungulia oili njia. Kwa huku kwetu wa kwanza kumshuku ni uchafu. Udongo wa Arusha ni wa volkano, vumbi lake laini kama unga lakini linakwangua kama msasa, linapenya kwenye sili ya vumbi ile ya juu, linakutana na oili linakuwa tope, tope linakaa chini ya mdomo.

Kwahiyo hata kabla hujafungua nati moja fanya hivi. Osha shokapu ikauke. Ingiza bisibisi ndogo bapa taratibu chini ya ile sili ya vumbi uinyanyue juu, usiguse kromu na ncha. Utaona uchafu umejaa pale, futa wote. Halafu tafuta filamu ya eksirei ya zamani, kila nyumba kuna moja juu ya kabati, kata ukanda wa upana wa kidole, pembeni mwa ncha ukate kijino kama ndoana. Uingize kati ya kromu na sili ya ndani, uzungushe bomba zima, uuvute, kile kijino kinatoka na tope jeusi. Futa, rudia mpaka utoke msafi. Kisha shika breki ya mbele (pikipiki imesimama, usiende popote), bonyeza usukani kwa nguvu juu chini mara kadhaa, futa kromu, bonyeza tena. Kromu ikibaki na unyevu mwembamba tu huna tatizo, ikirudi ringi ya oili basi tunafungua. Shokapu nyingi zinazoitwa zimekufa zinaponea hapa hapa bila kununua kitu, na inaniuma kuona vijana wanalipishwa sili ambazo hawakuzihitaji.

Kama bado inavuja, pitisha ukucha kwenye kromu, juu mpaka chini, mzunguko wote, hasa ile sehemu ambayo sili inapita unapopiga shimo. Usitumie macho peke yake. Ukucha ukikwama mahali, pana kidonda cha jiwe au kutu, na hicho ndicho kinachokata kila sili unayoweka, hata uweke kumi. Kidonda kidogo kinatibika: msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, weka mafuta kidogo, na usugue kwa kuzunguka bomba, usisugue juu chini, maana mikwaruzo ya juu chini inakuwa mifereji ya kutolea oili. Kama ni kishimo, kisafishe kwa spiriti, dondoshea supagluu, ikikauka lainisha na msasa wa 2000 mpaka ukucha upite bila kusikia kitu. Kutu ikishabandua kromu kipande kizima, hapo fundi wako wa pili ana hoja, ila unatafuta bomba la mtumba tu, sio shokapu nzima.

Kufungua kwenyewe, mambo ambayo watu wanaruka. Ile nati ya juu ya shokapu ilegeze wakati shokapu bado imebanwa na kile kibano cha chini cha usukani, cha juu umeshakilegeza, ukishaitoa nje hutaipata mahali pa kuishikia. Bolti ya chini kabisa, ile ya alenki, nayo ilegeze kabla hujatoa springi, maana springi ndo inalikandamiza lile bomba dogo la ndani, ambalo bolti hiyo imelishika, lisizunguke. Bolti ikizunguka bure ingiza mpini wa fagio uliochongwa ncha kwa juu, mwenzio akandamize, wewe ufungue. Nati ya juu ikikaribia kutoka weka kitambaa na uso uwe mbali, springi iko chini inasukuma.

Ukitoa sili ya vumbi utakuta ringi ya waya, ukishaitoa vuta bomba kwa kulistua mara kadhaa, kwenye shokapu nyingi sili inatoka na bushi (ile ringi pana ambayo bomba linatelezea) na washa kwa pamoja. Panga chini kwa mpangilio uliotoka. Angalia bushi: ile rangi ya kijivu ikiwa imeliwa mpaka shaba inaonekana, badilisha, maana bomba linacheza na sili haiwezi kufuata bomba linalocheza. Bomba liviringishe juu ya kioo cha meza, ukiona mwanga unapita chini yake huku unaona huku huoni, limepinda.

Dukani nenda na sili ya zamani mkononi. Imeandikwa vipimo, mfano 41x54x11, yaani kipenyo cha ndani, cha nje, na kimo, kwa milimita. Usikubali ya kukaribiana. Nunua za pande zote mbili pamoja na sili za vumbi, na washa ya shaba ya bolti ya chini.

Wakati wa kuvisha, mdomo wa bomba una kingo kali zinazochana sili mpya kabla haijafanya kazi, na hapa ndo sili nyingi mpya zinapofia. Rambo zimepigwa marufuku toka 2019 lakini nailoni ya mkate inatosha, funika mdomo wa bomba, paka oili ya shokapu juu yake, sili iteleze. Upande wenye maandishi uangalie juu, ule wenye kaspringi kembamba uangalie kwenye oili. Gonga kwa kipande cha bomba la plastiki kinachoenea, weka sili ya zamani juu ya mpya kama kinga, gonga mzunguko wote sawa mpaka uone kijia cha ile ringi ya waya chote kiko wazi.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Pasua, Moshi. Fundi wangu anasema nikiweka oili nzito ya injini, ile 40, shokapu itaacha kuvuja bila kubadilisha sili. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hapana, usikubali. Oili nzito itachelewa kuvuja, haitaacha, na shokapu itakuwa ngumu, ukipita kwenye rasta au mawe mfululizo inashindwa kurudi kwa wakati, gurudumu linarukaruka na wewe ndo unaumia mikono. Shokapu nyingi za porini zinataka oili ya shokapu yenyewe, 5W au 10W, kitabu cha pikipiki kinasema ipi. Ukikosa kabisa, oili ya gia za otomatiki, ATF, kwenye shokapu za zamani za kawaida inafanya kazi, kuna Honda za zamani kitabu chenyewe kiliitaja. Cha muhimu kuliko vyote ni pande mbili ziwe sawa. Toa springi, bonyeza shokapu mpaka chini, ipampu taratibu hewa itoke, halafu pima kwa rula kutoka mdomo wa bomba mpaka uso wa oili kama kitabu kinavyotaka. Iliyozidi ivute kwa bomba la sindano lenye kampira. Oili ikizidi hewa inabaki ndogo, presha inapanda, na sili inasukumwa nje.

SWALI: Mkuu, mimi nina pikipiki ya mashindano, shokapu zake zimegeuzwa, kromu iko chini. Nikiwa Moshi mjini haivuji, nikipanda Marangu inaanza kulia oili. Kuna uhusiano au nimerogwa?

JIBU: Hujarogwa mkuu. Moshi mjini ni mita mia nane na kitu, geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Hewa iliyofungiwa ndani ya shokapu ukiwa chini inabaki na presha ile ile wakati ya nje imepungua, ukijumlisha na joto la kazi presha inaielemea sili, na kama sili imeshachoka inaachia. Juu ya shokapu zako angalia kiskurubu kidogo kwenye kila nati. Ukifika juu, weka pikipiki kwenye stendi gurudumu la mbele liwe hewani kabisa, fungua kiskurubu, utasikia pss, funga. Fanya pande zote mbili, tena kabla ya kila safari. Kwa shokapu za kugeuzwa usichelewe kutibu, kwa sababu oili ikitoka haina pa kwenda zaidi ya kushuka moja kwa moja kwenye breki. Na ukienda kuosha, mwambie kijana wa kuoshea asielekeze ile presha ya maji kwenye sili za vumbi, ikipiga pale inasukuma mchanga ndani, na tope lisikaukie kwenye kromu, lifute likiwa bado bichi.