Mafaili ya kliniki ya presha, kibali cha maadili na "watu 384": namjibu mwanafunzi wa mwaka wa nne

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari, mwaka wa nne, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu wagonjwa ambao presha yao haishuki licha ya kutumia dawa. Nataka kupitia mafaili ya kliniki katika hospitali ya rufaa ya mkoa nilikofanyia mafunzo kwa vitendo, kisha nihoji wagonjwa wachache. Wenzangu wanasema mafaili hayahitaji kibali kwa kuwa simgusi mtu. Je, ni kweli? Pia msimamizi wangu ameniambia nipate watu 384, lakini kliniki yenyewe ina wagonjwa kama 600 tu. Na ili nisichelewe, nimeshapiga picha kwa simu kurasa kadhaa za rejista. Naruhusiwa kuzitumia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuharibia kazi yote.

Huruhusiwi. Na usizitunze ukisubiri kibali kitoke ndipo uzigeuze kuwa data, kwa sababu kibali cha maadili hakirudi nyuma. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho ya karibuni mwaka 2024, linataka andiko la utafiti lipitiwe na kamati ya maadili kabla kazi haijaanza. Kilichokusanywa kabla ya hapo hakihesabiki, hata kama andiko litakuja kupita bila swali hata moja.

Fungua moja ya picha hizo uitazame vizuri. Kuna jina la mgonjwa, umri, mtaa anaokaa, namba ya simu, vipimo vya presha, majina ya dawa. Pembeni huenda muuguzi ameandika namba ya CTC, yaani ya kliniki ya wanaoishi na VVU, kwa kalamu nyekundu, na yeyote anayejua huduma zetu za afya akiiona namba hiyo anajua mgonjwa yule anatumia ARV. Simu iliyobeba picha hizo ndiyo unayomwazima mwenzako bwenini, ndiyo unayoipeleka kwa fundi Kariakoo kioo kikipasuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hapa tumeshatoka kwenye kanuni za chuo, tumeingia kwenye sheria ya nchi.

Kwa hiyo mwambie msimamizi wako wiki hii, kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha zifute, pamoja na nakala zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni na zile ulizotuma kwenye grupu la WhatsApp, kama zipo. Hupotezi kitu. Mafaili yatakuwepo pale pale na utayasoma upya ukiwa na barua mkononi.

Najua kilichokuchanganya. Ulipokuwa kwenye mafunzo uliruhusiwa kufungua faili lolote la wodini, ukasoma, ukaandika, ukaulizwa maswali mbele ya kitanda. Ukaona basi mlango uko wazi. Lakini ruhusa ile ilikuwa ya kujifunza na kumhudumia mgonjwa. Jirani akikuachia ufunguo umwangalizie kuku, hajakuruhusu kufungua kabati lake. Mgonjwa alipomweleza daktari kwamba dawa anakunywa siku za Jumapili peke yake, alisema ili atibiwe. Kuyatumia maneno hayo kwa jambo jingine, hata liwe jema namna gani, kunahitaji mtu mwingine akae, apime, aseme sawa. Mtu huyo ndiyo kamati.

Hivyo wenzako wamekosea. Utafiti wa mafaili unahitaji kibali. Kinachoweza kuondolewa ni ridhaa ya mgonjwa mmoja mmoja, na anayeiondoa ni kamati, si wewe wala msimamizi. Miongozo ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, ya mwaka 2016, ambayo kamati nyingi duniani huifuata, inataka mambo matatu: utafiti usiwezekane kwa vitendo bila msamaha huo, uwe na manufaa ya kweli kwa jamii, na hatari kwa wahusika iwe ndogo sana. Wewe unayo hoja. Wagonjwa wa miaka iliyopita wengine wamehama, wengine wamefariki, namba za simu zimebadilika. Iandike hoja hiyo waziwazi. Wanafunzi wengi huandika "ridhaa haitahitajika" na kuweka nukta, na andiko hurudishwa kwa sentensi hiyo moja.

Ukishasahihisha na msimamizi, andiko hupita idarani, kisha huenda kwenye kamati ya maadili ya chuo. Kibali kikitoka, chuo kinakupa barua ya utambulisho ya kumpelekea mganga mfawidhi wa hospitali. Kibali cha kamati hakimlazimishi mganga mfawidhi kukupokea. Yeye ndiye anayewajibika kwa mafaili yale na anaweza kuwa na masharti yake. Ungekuwa unaingia mitaani au kwenye zahanati za manispaa, ungepitia pia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mkurugenzi wa manispaa na ya Mganga Mkuu wake, kisha watendaji wa kata. Kamati ya Taifa ya maadili iliyoko chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), pamoja na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), utazihitaji siku utakapojaribu dawa kwa watu. Mtafiti wa kigeni akiingia kwenye kazi, Kamati ya Taifa inahusika, na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) nayo. Kwa kazi yako ya shahada ya kwanza jiepushe na hayo yote. Mwaka hautoshi.

Sasa fomu ya kukusanyia data, ambako ndiko kamati inapokujua kama umefikiri. Usiwe na safu ya jina. Kila faili lipe namba yako mwenyewe, 001, 002, na kuendelea. Orodha inayounganisha namba zako na namba za faili ibaki kwenye kabati la kitengo cha kumbukumbu, isitoke na wewe. Andika umri, usiandike tarehe ya kuzaliwa. Andika kata, usiandike mtaa. Na kila safu uweze kuieleza: mtu akikuuliza dini ya mgonjwa inakusaidia nini kujibu swali lako, na huna jibu, ifute. Kama hospitali inatumia mfumo wa kielektroniki kama GoT-HOMIS, usiombe nywila ya muuguzi aliyekuzoea. Omba mtu wa TEHAMA wa hospitali akutolee data, majina yakiwa yameshaondolewa.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo nakusihi ulichunguze kabla hujaandika mbinu zako. Ukishapata kibali, chukua mafaili 20 ya mwanzo na uangalie vipimo vya presha vinaishia na tarakimu gani. Ukikuta 140/90, 150/90, 130/80, 160/100, karibu vyote vinaishia sifuri, ujue aliyepima alikuwa anakadiria. Mashine ya kidijitali husoma 143/87 bila kusita. Hili si dogo, kwa sababu mpaka wako wa "presha haijadhibitiwa" ni 140/90. Mtu wa 138 akiandikwa 140 amehamia kundi lingine. Tena mgonjwa aliyetoka Gongo la Mboto alfajiri, akasimama kwenye daladala, akapimwa papo hapo kabla hajapumzika hata dakika tano, kipimo chake kitakuwa juu bila ugonjwa kubadilika. Kwenye faili huwezi kurekebisha hayo. Unaweza kutumia wastani wa vipimo vya mahudhurio mawili au matatu ya mwisho, na ukaieleza kasoro hiyo kwenye ripoti.

Tuje kwenye 384. Namba hiyo hutokana na fomula inayojulikana: 1.96 ikizidishwa yenyewe, mara kiwango unachokitarajia (kwako, sehemu ya wagonjwa ambao presha yao haijashuka), mara kilichobaki kufikia moja, kisha unagawa kwa kosa unalolivumilia likizidishwa lenyewe. Ukiweka asilimia 50 na kosa la asilimia 5 inatoka 384. Wanafunzi huinakili kama vile ni sharti la chuo. Asilimia 50 huwekwa pale ambapo hujui kiwango chochote cha kuanzia. Ukipata utafiti wa hospitali inayofanana na yako uliokuta, tuseme, asilimia 20, hesabu inashuka hadi 246.

Zaidi ya hapo, fomula hiyo inadhani watu unaochagulia hawana idadi. Wako ni 600. Gawa 383 kwa 600, ujumlishe moja, kisha 384 uigawe kwa jibu hilo. Unapata kama 235. Lakini mafaili huwa na mapengo: kipimo hakikuandikwa, karatasi imechanika, dawa hazisomeki. Ukitarajia asilimia 15 hayatafaa, gawa 235 kwa 0.85, unahitaji kuvuta mafaili 277. Mpelekee msimamizi hesabu hiyo ikiwa imeandikwa hatua kwa hatua. Sioni sababu ya kuikataa, na mimi ningekuuliza zaidi: kwa nini usisome yote 600? Faili moja likichukua dakika kumi, hiyo ni kazi ya saa mia moja, inagawanyika vizuri kwa miezi miwili. Ukisoma yote, swali la sampuli linakwisha lenyewe. Kama ni lazima uchague, tumia namba za bahati nasibu za kompyuta. Usichukue yaliyo juu ya rundo, kwani ya juu ni ya wanaohudhuria mara kwa mara, na hao ndio wenye nafuu ya kupata dawa.

Kuhusu sababu zinazohusiana na presha kutoshuka, usibebe vipengele 25. Kati ya watu 235, asilimia 40 wakiwa hawajadhibitiwa, unao 94. Kwa kanuni inayotumiwa sana ya watu kumi wasiodhibitiwa kwa kila kipengele, hesabu yako inabeba vipengele tisa. Chagua tisa vyenye maana.

Mahojiano yana mzigo wake, na hapa hakuna msamaha wa ridhaa. Kitu cha kwanza, vua koti jeupe. Mama mwenye miaka 60 aliyekaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, akiona koti jeupe linamwomba asaini karatasi, atasaini. Hajakubali, ameogopa kuambiwa dawa zimekwisha. Muombe baada ya kumaliza na daktari na kupewa dawa zake, ili ajue huduma ameshaipata.

Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili kinachosemwa na watu. Naona fomu zinazoanza hivi: "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kuwa nimefafanuliwa kwa kina madhumuni, athari na manufaa ya utafiti tajwa." Mgonjwa hapati kitu hapo. Andika: "Nitakuuliza maswali kwa dakika ishirini hivi kuhusu dawa zako za presha. Swali usilolipenda liruke. Ukikataa, au ukitaka tuishie katikati, utaendelea kutibiwa hapa kama kawaida, na daktari wako hataambiwa." Msomee, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wa timu yako. Weka namba ya simu ya msimamizi na ya kamati, ziwe zinapokelewa.

Na kama utawapima presha unaowahoji, andiko liseme utafanya nini ukimkuta mtu na 190/125. Jibu la "nitaandika" halitoshi. Eleza utampeleka kwa daktari yupi wa zamu, na kwamba utamsindikiza mwenyewe. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama nchini Marekani, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa na watafiti wa serikali bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940. Sehemu kubwa ya kanuni tunazokusumbua nazo zilitokana na watu kama wale, walioandikwa vizuri sana kwenye madaftari huku ugonjwa ukiwamaliza.

Nauli ya mgonjwa aliyebaki kwa ajili yako mrudishie, na kiasi hicho kionekane kwenye bajeti. Kisiwe kikubwa hadi asiyetaka ashindwe kukataa. Ada ya kamati na gharama za kuchapa fomu ziulizie mapema ili bumu lisikuishie katikati ya kazi.

Peleka andiko kamatini miezi mitatu au zaidi kabla ya tarehe unayotaka kuanza, maana huwa linarudi na maoni, na kila maoni yanataka jibu la maandishi likionyesha ukurasa uliobadilisha. Ukibadilisha chochote baada ya kibali, hata kuongeza maswali mawili kwenye dodoso, omba marekebisho kwanza. Namba ya kibali itunze. Majarida ya kitabibu huiuliza kabla ya kuchapisha makala.

Ukimaliza, ripoti isiishie maktaba. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mpelekee mganga mfawidhi nakala, na umwombe muuguzi mfawidhi wa kliniki akupe dakika kumi kwenye kikao chao cha asubuhi. Kama ni kweli vipimo vinaishia sifuri, wao ndio wanaoweza kuanza kuwapumzisha wagonjwa dakika tano kabla ya kuwapima.