Kadi ninayo, gari likafungwa

SWALI: Wakili, hujambo? Mguu wangu wa kulia ni wa bandia, ila nikivaa suruali hujui. Niliegesha kwenye nafasi ya watu wenye ulemavu karibu na Oginga Odinga Street, hapa Kisumu. Nilipotoka benki, gurudumu lilikuwa limefungwa. Nikaonyesha kadi yangu ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Askari akacheka: "Mzee, hii ni kadi ya mtu, si ya gari. Na unatembea vizuri!" Nimelipa ili niende zangu. Naweza kupinga?

JIBU: Pole, mzee wangu. Kulipa ili ukomboe gari hakumaanishi umekubali kosa, mradi useme hivyo kwa maandishi, na mapema.

Andikia ofisi iliyotoa faini. Ambatisha risiti, picha ya alama ya maegesho na nakala ya kadi. Dai sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inakupa haki hiyo. Taja pia Ibara ya 54, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Barua iende na nakala, nakala igongwe muhuri. Wakinyamaza au wakikataa, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inakufungulia mlango wa mahakama.

Askari namwelewa kidogo: vijana wazima wenye magari makubwa huzijaza nafasi hizo kila siku. Lakini kupima ulemavu kwa mwendo wa mtu? Hapo amekosea kabisa. Nafasi ile imewekwa kwa ajili ya mtu, na gari halina mguu wa bandia.

Jina lake usilitafute. Namba ya risiti inatosha.